Maji Yaliisha Kilomita ya 14

Maneno haya niliyasema Jumapili mbele ya viongozi na wanachama wa vilabu vyetu vya jogingi, tulipokutana kupanga mbio zetu za kwanza za kilomita 21. Wengi walikuwa safarini au zamu kazini, wakaniomba. Nayaweka yote kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mchakamchaka!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Mchakamchaka! Haya, hapo nimesikia chinja yenyewe.

Mwenyekiti, ndugu viongozi wa vilabu, wanangu, na wazee wenzangu ambao magoti yenu yanalia kama mlango uliokosa mafuta: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko imeniomba nizungumzie "uzoefu wangu katika mashindano". Mimi ni muuguzi mstaafu. Nina miaka 58. Nusu marathoni nimekimbia 11, na hata siku moja sijawahi kuingia katika mia ya kwanza. Uzoefu wangu mimi ni wa nyuma. Wenzangu hapa watawaambia mbio zinavyoonekana ukiwa mbele, kwenye kamera. Mimi nitawaambia zinavyoonekana pale kamera zimeshafungwa na vijana wanapakia viti kwenye kirikuu.

Nitasimulia mbio moja tu. Mji ni wa mwambao, jina lake naliacha. Waandaaji nao nawaacha. Najua humu ndani wapo waliokuwepo, nawaona mnavyotazamana. Kaeni kimya, tumalize salama.

Nililipa shilingi 35,000 kwa simu. Ujumbe ukaja papo hapo: umesajiliwa, hongera. Jumamosi tukaenda kuchukua namba na fulana. Foleni ilianzia mezani, ikauzunguka mwembe, ikatokea barabarani. Saa nne nzima tumesimama. Nilipofika mezani nikapewa fulana ya kumtosha mimi na marehemu mume wangu kwa pamoja. Namba nikapewa. Pini hakuna. "Mama, pini zimeisha, mtajua wenyewe."

Basi kesho yake alfajiri, uwanjani, nikaona jambo ambalo sitalisahau. Wanawake tulianza kuchomoa pini za ushungi. Mmoja moja, mwingine mbili, tunagawia watu tusiowajua. Mimi nilikuwa na sita. Mbili, zenye vichwa vya kijani, nilimpa kijana mmoja mwembamba aliyekuwa ameishika namba yake kifuani kwa mkono kama mtu anayezuia kikohozi. Akacheka, akasema "Shikamoo mama, nitakurudishia mwisho wa safari." Wakumbukeni hao watu wawili: kijana, na pini zangu za kijani.

Kadi ilisema mbio zinaanza saa 12 kamili asubuhi. Ndugu zangu, mtu anayekimbia kilomita 21 saa 12 ameamka saa 9 usiku. Amekula kiazi chake, amekunywa chai yake, amehesabu na safari zake za chooni. Vyoo vyenyewe vilikuwa viwili kwa watu 1,400, na wanawake mnajua wenyewe, hapo sina haja ya kuendelea. Saa 12 ikafika. Muziki ukapigwa. Kijana jukwaani akatuchezesha viungo. Saa 12 na nusu, viungo tena. Saa 1, viungo tena! Tunasubiri nini? Tunamsubiri mgeni rasmi. Alifika saa 1 na dakika 20, akapewa shada la maua, akasalimia, akatusihi tupende mazoezi. Sisi. Tuliokuwa tumeshafanya mazoezi ya saa nzima tukimsubiri yeye.

Saa 1 na dakika 40 ndipo tukaachiwa. Dakika 100 za kuchelewa. Sasa nawauliza: hizo dakika 100 analipa nani?

Wa mbele hazilipi sana. Yeye atakimbia saa moja na kidogo, kabla ya saa 3 kasoro ameshaoga. Mimi ninayetumia karibu saa 3, niliyepanga kumaliza saa 3 asubuhi, sasa naambiwa nimalize saa 4 na dakika 40. Mwambao. Mwezi wa pili. Jua la saa 4 la mwezi wa pili mnalijua, na hewa ile nzito ambayo jasho linatoka halikauki, linachuruzika tu. Jasho lisipokauka halikupozi. Hilo siwaambii kama mkimbiaji, nawaambia kama mtu aliyefanya kazi wodini miaka 31.

Nikisema hivi wapo wanaodhani nampiga vita mgeni rasmi. Hapana. Aalikwe, tena apewe kiti kizuri. Lakini aalikwe saa 3, aje kuwapokea watu wanaomaliza. Akichelewa hapo, amechelewa yeye na kiti chake. Mbio ziko barabarani, haziko jukwaani. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke.

Tukaondoka. Meza ya kilomita ya 5 ilikuwa na maji, chupa za nusu lita, vifuniko vimekazwa, ya vuguvugu. Vijana wawili wanazigawa, watu mia mbili wanafika kwa mpigo. Mtu anakunywa funda mbili, anatupa chupa iliyojaa. Ardhi yote ni chupa zinazobingirika, unakimbia kama unaruka mitego. Meza ya kilomita ya 10 chupa zikawa za kuhesabu. Meza ya kilomita ya 14 ilikuwa meza. Meza tupu, na mtoto wa kama miaka 15 amekaa juu ya makaratasi ya katoni zilizokwisha. Nikamtazama, akanitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, waliotangulia walichukua mbili mbili."

Sikumgombeza. Ningemgombeza nini? Yeye ndiye pekee aliyebaki kwenye kituo chake.

Mbele kidogo nikamkuta muuza madafu na baiskeli yake. Sina hela, sina simu. Nikamwambia ukweli. Akanitazama toka viatu mpaka kichwani, akachukua panga, akakata. "Kunywa mama, utanilipa ukirudi." Lile dafu ndilo lililonifikisha kilomita ya 17, na kilomita ya 17, chini ya mkungu, nikakuta watu wamezunguka. Nikasogeza mabega, nikaingia. Cha kwanza kukiona kilikuwa pini mbili zenye vichwa vya kijani.

Alikuwa amelala ubavu. Ngozi ya moto kama pasi. Ananiita kwa jina la mtu mwingine na kuniuliza kama basi limefika. Sasa sikilizeni vizuri hapa, hata kama mengine yote mtayasahau. Mkimbiaji mwenye joto kali ambaye akili imeanza kuchanganyikiwa, huyo hahitaji kupepewa na kuombewa tu. Anahitaji kupozwa pale pale, dakika ile ile, kabla hata hamjajadili gari. Na msimnyweshe kitu kwa nguvu, atapaliwa. Tukamsogeza kivulini. Nikauliza: maji? Hakuna. Lakini palikuwa na dada anauza barafu za ukwaju kwenye ndoo. Nikamwambia leta ndoo yote. Barafu kwapani, barafu shingoni, barafu kwenye kinena. Mama mmoja akatoa kanga, tukailowesha kwa maji ya ndoo, tukamfunika, tukawa tunampepea kwa zile namba zetu za kifuani. Kijana mzima kapakwa ukwaju mwili mzima, nzi wanakuja, na sisi tunapepea.

Namba yake nikaigeuza nyuma nitafute jina, simu ya ndugu, chochote. Nyuma palikuwa na tangazo la mdhamini.

Gari la wagonjwa? Tuliambiwa lipo. Lilikuwepo kweli, nililiona asubuhi kwa macho yangu, limeegeshwa nyuma ya jukwaa. Lakini nani alikuwa na namba ya dereva? Hakuna aliyekuwa nayo. Tulikaa dakika 40 pale, mwisho tukampakia kwenye bajaji, na mimi nikaambiwa hakuna nafasi. Fahamu zilikuwa zimeanza kumrudia. Aliuliza kama amemaliza.

Nyie mnadhani mambo haya ni yetu tu, ya uswahilini. Sikieni. Mwaka 1904, Olimpiki ya St. Louis, Marekani, tarehe 30 Agosti, walikimbiza marathoni mchana wa jua kali, kwenye njia ya vumbi, magari yanawatangulia yanawatimulia vumbi usoni. Maji yalikuwa karibu hakuna njia nzima, na upungufu huo mkuu wa mashindano aliuona sawa tu, alitaka kujua mwili unavumilia kiu kiasi gani. Watu 32 walianza. Waliofika mwisho ni 14. Mwafrika Kusini mmoja, Len Taunyane, alifukuzwa na mbwa mpaka nje ya njia, akarudi, akamaliza wa 9. Mshindi, Thomas Hicks, alisukumwa na wasaidizi wake kwa pombe kali na sumu ya panya. Msicheke, ni kweli, strikinini, ilikuwa inatumika kama dawa ya kumchangamsha mtu. Alimaliza kwa saa 3, dakika 28 na sekunde 53. Huo muda uwekeni pembeni, nitaurudia.

Kwa hiyo maji. Kwetu sisi tumesema watu 500. Tukiweka meza kila kilomita 3, zinakuwa 6 njiani. Mtu mmoja kikombe kimoja cha mililita 200 kila meza: hizo ni lita 600. Ni madumu 30 ya lita 20, basi. Zidisheni mara mbili, kwa sababu mtu atamwagia kichwa, na wengine watarudia. Madumu 60. Hivi kweli vilabu 9 tunashindwa madumu 60 na vikombe? Chupa tuachane nazo barabarani, tuziweke mwisho. Na kila meza iwe na madumu mawili yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu WA NYUMA, yasiguswe mpaka watu mia nne wawe wamepita. Mimi nitayalinda mwenyewe ikibidi.

Fulana zikipungua hakuna atakayelazwa.

Sasa njia. Kwenye zile mbio palikuwa na mzunguko wa barabara usio na mtu. Walichora mshale kwa chokaa usiku, daladala za alfajiri zikaukanyaga mpaka ukafutika. Wengine wakakata kulia, wengine wakanyoosha. Matokeo yake tulipomaliza, mwenye saa ya mkononi huyu anasema amekimbia 19.6, yule 22, na kila mmoja anaapa kwa mama yake.

Hili la kupotea linawakuta hata wakubwa. Venice, mwaka 2017, waliokuwa wanaongoza walifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia. Walipogeuka na kurudi, mashindano yalikuwa yamekwisha kwao, akashinda Eyob Faniel aliyekuwa nyuma yao. Na Manchester, Uingereza, waligundua kwamba njia yao ya marathoni ya mwaka 2013, 2014 na 2015 ilikuwa pungufu kwa mita 380. Mita 380 tu! Lakini maelfu ya watu waliokuwa wametundika muda wao ukutani waliambiwa muda huo haupo. Hebu fikiria mwanao amekuona unamaliza, halafu baada ya mwaka mzima unamwambia baba hakumaliza.

Kwa hiyo hatupimi kwa odometa ya bodaboda ya katibu. Samahani katibu. Wala kwa simu. Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu. Unaiendesha kwanza kwenye kipande ulichokipima kwa utepe wa chuma, ujue mita moja ni hesabu ngapi. Halafu unakwenda njia nzima ukifuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kwenye kona unabaki sentimita 30 kutoka ukingoni. Na juu yake unaongeza mita 1 kwa kila kilomita, ili hata ukikosea usiwe pungufu. Kwetu ni mita 21 za nyongeza. Tuwaombe watu wa riadha watupe mpimaji, tumlipe nauli yake na chakula. Na kila njia panda akae mtu mzima mwenye filimbi. Mtu, si mshale. Mshale hauna sauti.

Nirudi kwangu. Kilomita nne za mwisho nilitembea na kukimbia, kukimbia na kutembea. Barabara ilikuwa imeshafunguliwa. Trafiki wameondoka. Dereva wa bajaji akanipigia honi: "Bimkubwa, pembeni! Mbio zimeisha!" Nikamwonyesha namba yangu kifuani. Akasema, "Panda basi nikusogeze, hakuna anayekuona." Na kweli, hakuna aliyekuwa ananiona. Nawaambia, nilimfikiria kwa muda wa kama nguzo tatu za umeme.

Nilifika saa 5 na dakika 20. Lile lango kubwa la upepo, wanalojaza hewa, walikuwa wameshalitoboa pumzi, limelala chini limenywea kama chandarua kilichoanguka. Vijana wanalikunja. Mimi nikalikanyaga nikapita juu yake. Ndivyo nilivyomaliza. Medali zimeisha, waliokimbia kilomita 10 walipewa za kilomita 21. "Acha namba yako ya simu mama, tutakutumia." Mpaka leo. Matokeo yalipotoka, mbele ya namba yangu waliandika HAKUMALIZA.

Mwaka jana, Septemba 2025, pale Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia wote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mkarudi mitaani mnapiga honi, dhahabu imekuja. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde, na aliyezitenganisha ni kamera iliyowekwa pale mwisho na mtu aliyejua kazi yake. Sisi tunadai mstari kama huo kwa ajili ya Simbu. Je, bibi wa saa 5 na dakika 20 tunamwekea hata kamba?

Mzee John Stephen Akhwari mnamjua wote. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, goti limeumia, limefungwa bendeji, anaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kila hotuba ya michezo nchi hii inamtaja, na alichosema kuhusu kutumwa na nchi yake kumaliza watoto wanakikariri shuleni. Sawa. Lakini mimi huwa najiuliza kitu kingine. Muda wake unajulikana: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Unajulikana mpaka sekunde! Maana yake nini? Maana yake palikuwa na mtu amesimama pale na saa. Washindi wameshavishwa medali, watu wanatoka getini, njaa inauma, na huyo mtu hajaondoka. Yule mtu wa saa hatumjui jina. Asingekuwepo, Akhwari angeandikwa kama nilivyoandikwa mimi.

Na ule muda wa mshindi wa 1904 niliowaambia muuweke pembeni? Saa 3, dakika 28 na sekunde 53. Akhwari, wa mwisho, na goti bovu, amempita bingwa wa Olimpiki kwa dakika 3 na ushee. Tena njia ya St. Louis ilikuwa fupi kuliko ya Mexico. Hilo halina somo, nililifurahia tu nikaona niwagawie.

Nisiwe mchoyo wa haki. Siku ile jioni nilikutana na mmoja wa waandaaji. Kijana wa miaka kama 30, macho mekundu, simu imechemka mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Akaniambia, "Mama, tulipanga watu 600. Mdhamini mmoja akajitoa wiki ya mwisho, tukafungua usajili ili tupate hela ya jukwaa na muziki. Wakaja 1,400." Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeuza tiketi za basi lililojaa. Alikuwa amelala saa mbili. Lakini mnasikia hela ilikosekana kwa ajili ya nini? Jukwaa na muziki. Kwa hiyo waliongeza watu wa kunywa maji ili walipie spika.

Ndiyo maana nasema usajili ufungwe ukifika 500. Wa 501 hata akiwa shemeji yako.

Mtaniuliza kijana wangu alipona? Alipona. Mchana ule nilikwenda hospitali, wauguzi wenzangu wakaniruhusu nimwone, yuko na dripu, anaona haya. Aliruhusiwa kesho yake. Nikarudi kwa muuza madafu nikamlipa 1,500 yake, alikuwa amesahau kabisa kwamba ananidai. Na yule dada wa barafu alihesabu vifuko mbele yangu: 17 kwa 200, akapokea 3,400 zake. Sawasawa kabisa, biashara ni biashara.

Pini sikurudishiwa. Hospitali walizitupa pamoja na namba.

Hili boksi mnaloliona hapa mezani ni pini 2,000. Nne kila mtu, nimenunua mwenyewe, mwenyekiti andika. Namba zetu nyuma zitakuwa na mistari mitatu: jina, simu ya ndugu, ugonjwa ulionao. Tangazo likae mbele. Na namba ya dereva wa gari la wagonjwa iandikwe kwenye kila meza kwa maandishi makubwa, na yule dereva apigiwe Ijumaa, apigiwe na Jumamosi.

Sasa nina daftari hapa. Nagawa meza. Meza ya kilomita ya 3 najua mtagombania, ina kivuli na iko karibu na chai. Naanza na ya kilomita ya 18. Haina kivuli, haina kamera, na utakaa mpaka mimi nipite, na mimi nakimbia polepole. Nani?

Nasubiri. Mnaangalia viatu, viatu havijibu.

Wewe hapo karibu na mlango, mwenye fulana ya njano. Ndiyo, wewe mwanangu, nimeona mkono ulipanda ukashuka. Njoo uandike jina.